BOROMIR HAKUWA MSALITI

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

  Sikuja kukutungia hadithi wala kukutegea vitendawili. Nimekuja kumtetea mtu aliyekufa, tena mtu ambaye hakuwahi kuishi hapa duniani. Usicheke kwanza. Nisome hadi mwisho, ndipo uhukumu.

Wenzangu wa bweni wanajua mambo haya yalivyoanza. Muhula wa kwanza tulionyeshwa bwaloni, Jumamosi tatu mfululizo, zile filamu tatu za The Lord of the Rings alizotengeneza Peter Jackson, za mwaka wa 2001, 2002 na 2003. Tangu hapo bweni halikulala. Kitabu chenyewe, ambacho maktaba yetu ina nakala moja tu iliyong'oka jalada, kikawa kinagombaniwa kama mkate wa Jumapili. Ukienda kwenye foleni ya chai utawasikia watu wanabishana. Je, katika vita vya Helm's Deep, ni nani aliyeua maadui wengi zaidi, Legolas na upinde wake au Gimli na shoka lake? (Kitabu kinasema Gimli 42, Legolas 41. Asiyeamini aende akasome.) Je, yule mfalme wa Angmar, mkuu wa wale wapanda farasi weusi tisa, aliuawa na Éowyn au na Merry? Kuna kijana wa kidato cha pili aliyechora ramani ya uwanja wa Pelennor nyuma ya daftari lake la Hesabu, akatia mishale kuonyesha farasi wa Rohan walivyoingia. Mwalimu alipoiona alimpa adhabu ya kufyeka nyasi, kisha akamwomba ile ramani aitazame vizuri.

Mimi mabishano hayo nayapenda. Afadhali kijana agombanie Gimli kuliko agombanie blanketi. Lakini palikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelibishia. Kila mtu, kuanzia mtoto wa kidato cha kwanza hadi kiranja mkuu, alikubali kwamba Boromir ni msaliti. Jina lake likageuka kuwa tusi. Ukiazima kalamu usiirudishe, unaitwa Boromir. Ukimtajia mwalimu wa zamu waliopiga kelele usiku, "Boromir huyoo!" Ijumaa ya mwisho ya muhula wa pili chama chetu kikafanya mdahalo, na hoja ilikuwa hiyo hiyo: Boromir ni msaliti. Waliounga mkono walijaza darasa. Sisi tulioipinga tulikuwa wanne, na wawili kati yetu walikuja kwa sababu upande ule viti vilikuwa vimekwisha. Tulishindwa vibaya sana. Lakini, Bwana Mwenyekiti, kushindwa kwa kura si kushindwa kwa hoja. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwa wale ambao filamu iliwapita wakiwa wamesinzia, nieleze kwa ufupi. Mtawala mwovu aitwaye Sauron alifua Pete, akaitia sehemu kubwa ya nguvu zake. Pete hiyo ikampotea, na baada ya miaka mingi sana ikaangukia mikononi mwa hobiti mmoja, yaani mtu wa jamii ya watu wafupi wapenda amani na chakula. Haifai kuvaliwa, haifai kufichwa. Dawa yake ni moja tu: ipelekwe Mordor, nchi ya adui mwenyewe, ikatupwe ndani ya mlima wa moto ilikofuliwa. Kazi hiyo akapewa Frodo, na msafara wa watu tisa ukatoka Rivendell tarehe 25 Desemba. Walikuwa Frodo na mahobiti wenzake watatu, Sam, Merry na Pippin, mzee Gandalf mwenye fimbo, Legolas, Gimli, Aragorn, aliyekuwa mrithi wa ufalme ingawa alivaa kama msasi, na Boromir wa Gondor.

Aliyetunga haya, J.R.R. Tolkien, alizaliwa mwaka wa 1892 mjini Bloemfontein, huku huku Afrika, katika nchi inayoitwa leo Afrika Kusini, kisha akalelewa Uingereza. Mwaka wa 1916 alipigana katika vita vya Somme nchini Ufaransa. Ilipofika mwaka wa 1918, rafiki zake wa karibu wote walikuwa wamekufa isipokuwa mmoja. Baadaye alikuwa profesa huko Oxford, na kitabu chake kikachapishwa kwa mijalada mitatu kati ya mwaka wa 1954 na 1955. Nayataja haya kwa sababu moja. Mtu huyu hakusimulia vita kwa kusikia. Aliwaona vijana wema wakivunjika. Kwa hivyo anapotuonyesha kijana mwema anayevunjika, tusiwe wepesi wa kusonya.

Haya basi, Boromir ni nani? Ni mwana wa kwanza wa Denethor, aliyetawala Gondor kwa niaba ya mfalme asiyekuwapo. Gondor imepakana na Mordor. Wengine katika hadithi wanaisikia habari ya Sauron kama sisi tunavyosikia habari ya fisi wa mbali, lakini watu wa Boromir wanazikwa kila mwaka ili wengine walale usingizi. Alisafiri peke yake siku 110 hadi Rivendell, na farasi wake akampotea njiani. Hakuja kutafuta Pete. Alikuja kutafuta maana ya ndoto.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo waliotazama filamu tu wanapopotea. Msafara ulipokaribia kuupanda mlima Caradhras, ni Boromir aliyeshauri kila mtu abebe mzigo wa kuni kadiri awezavyo. Usiku theluji ikawafunika. Kama si zile kuni, mahobiti wangekufa kwa baridi, na hadithi ingeishia hapo mlimani. Asubuhi yake, Boromir na Aragorn walipasua njia kwa vifua vyao katika theluji, na Boromir akarudi kumbeba Pippin mgongoni. Kule Moria, Gandalf aliposimama darajani mbele ya lile dude la moto akawaamuru wote wakimbie, wawili walikataa kumwacha: Aragorn na Boromir. Je, haya mliyataja kwenye mdahalo? Hata mmoja hakuyataja. Mtu akikosea mara moja, kuni alizobeba husahaulika zote.

Sitaki mfikiri nataka kulifunika kosa lake kwa majani. Nalieleza kama lilivyo. Tarehe 26 Februari, chini ya kilima cha Amon Hen, Boromir alimfuata Frodo akiwa peke yake. Alianza kwa maneno matamu, akisema Pete ingeweza kuiokoa Gondor. Frodo alipokataa, maneno matamu yakawa matisho, na matisho yakawa mikono. Alitaka kumnyang'anya. Frodo akaivaa Pete, akatoweka machoni, akakimbia. Mtu mwenye nguvu alimrukia mtu mdogo aliyepaswa kumlinda. Ni kosa kubwa, tena la aibu. Hakuna mtu katika chama hiki atakayenisikia nikisema ni dogo.

Lakini je, ni usaliti? Sisi wana wa Kiswahili tunamjua msaliti ni nani. Tulifundishwa habari za Fumo Liyongo. Yule mwanawe alitumwa akamdadisi baba siri ya kifo chake, akarudi kwa waliomtuma, akaahidiwa malipo, akaja tena kwa moyo baridi na sindano ya shaba akamchoma baba kitovuni amelala. Huo ndio usaliti: una shauri, una bei, na una wakati uliochaguliwa. Hata ndani ya kitabu cha Tolkien msaliti yupo, naye ni Saruman. Alimfunga Gandalf juu ya mnara wake, akajenga jeshi kwa siri, akawadanganya waliomwamini. Na aliposhindwa, Gandalf alimpa nafasi ateremke awe huru, naye akakataa kwa kiburi. Mlinganishe huyo na Boromir. Frodo alipotoweka tu, Boromir alijikwaa akaanguka kifudifudi, na alipoinuka alikuwa analia na kumwita Frodo arudi. Hakuna aliyemkamata. Hakuna kiranja aliyemfumania. Alijifumania mwenyewe.

Wapinzani wangu walileta hoja mbili nzito, na ni haki nizijibu.

Ya kwanza ni ya Faramir, mdogo wake Boromir. Walisema: damu ni moja, baba ni mmoja, na Faramir aliikataa Pete ilipomfikia mkononi. Kwa hivyo Boromir hana udhuru. Nakubali kwamba Faramir ni bora. Nampenda Faramir. Lakini Faramir alikaa karibu na Pete kwa muda wa usiku mmoja hivi. Boromir alitembea nayo miezi miwili, akala nayo, akalala nayo, huku kila siku akijua watu wa kwao wanakufa. Gandalf, kwa hekima yake yote, alipopewa Pete na Frodo alikataa hata kuipokea. Galadriel naye alijaribiwa, akatikisika kabla hajakataa. Wakubwa hawa waliziogopa nafsi zao wenyewe. Sisi nani tushangae kwamba askari aliyechoka alishindwa?

Hapo huwa nawauliza swali moja, na siku ya mdahalo sikulijibiwa. Frodo mwenyewe alifanya nini mwishoni? Tarehe 25 Machi alisimama ndani ya mlima wa moto, kwenye ukingo kabisa, na pale akasema Pete ni yake, akaivaa. Naam, Frodo! Pete iliangamia kwa sababu Gollum alimng'ata kidole, akaanguka nacho motoni. Na baada ya hayo Frodo aliheshimiwa mbele ya jeshi zima, na ilikuwa haki aheshimiwe. Nani kati yetu humwita Frodo msaliti? Hakuna. Kwa nini basi mmoja aliyeshindwa na Pete ni shujaa na mwingine ni tusi la bwenini?

Hoja ya pili ni ya dada mmoja wa kidato cha nne, na ndiyo iliyonisumbua zaidi. Alisema: "Kufa si kulipa. Mtu anaweza kukosea leo na kufa kesho, kosa likabaki pale pale." Ni kweli, dada. Kifo chake hakikumrudishia Frodo usalama wala usingizi. Lakini tazama alichokifanya kabla ya kifo. Baada ya kulia, hakukimbilia Gondor. Alirudi kwa wenzake akiwa na aibu yake, akakiri sehemu ya yaliyotokea, na Aragorn alipomtuma akawalinde Merry na Pippin, alikwenda bila neno. Maorki waliwavamia vijana wale. Boromir alisimama mbele yao peke yake, akapigana, akapiga baragumu kuita msaada, na msaada haukufika kwa wakati. Aragorn alimkuta ameegemea mti mkubwa, mwili umejaa mishale, upanga umevunjika, baragumu limepasuka vipande viwili, na maorki mengi yamelala maiti kumzunguka. Maneno aliyoyatoa akikata roho hayakuwa ya kujitetea. Alikiri kwamba alijaribu kumpokonya Frodo Pete, akasema anajuta.

Wapenzi wa vita watasema, pambano lile alishindwa, kwa maana Merry na Pippin walichukuliwa mateka. Ni kweli, alishindwa. Ukihesabu kama tunavyohesabu magoli, Amon Hen ni kichapo. Hata hivyo Aragorn alimwambia pale pale kwamba ameshinda, na kwamba ushindi kama ule ni wachache waliowahi kuupata. Nililisoma jambo hilo mara tatu. Aragorn alikuwa na hesabu tofauti na yetu ya Gimli 42, Legolas 41. Alikuwa akihesabu vita vilivyopiganwa ndani ya mtu mmoja, kati ya saa aliyoanguka na saa aliyosimama tena.

Na wale vijana wawili je? Walitoroka wakaingia msitu wa Fangorn, wakawaamsha wale wachungaji wa miti, na ngome ya Saruman ikabomolewa. Katika vita vya Pelennor, Merry alimchoma mfalme wa Angmar nyuma ya goti na Éowyn akammaliza. Pippin naye alisababisha Faramir aokolewe asichomwe moto akiwa hai na baba yake aliyepagawa. Sisemi hayo yote ni kazi ya Boromir. Lakini Gandalf alipopata habari za kifo chake, alisema maneno ambayo maana yake ni hii: kuja kwa wale mahobiti wawili hakukuwa kwa bure, hata kama ingalikuwa kwa ajili ya Boromir tu. Kwa kuwalinda wao, alipata mahali pa kurudia utu wake.

Jambo la mwisho kuhusu Aragorn, kisha nitaacha kitabu. Baada ya Boromir kufa, Aragorn hakuwatangazia Legolas na Gimli yote aliyoambiwa. Hata Gandalf alitambua kwamba kuna mambo anayoyaficha. Walimlaza Boromir katika mashua pamoja na silaha za maadui aliowaua, wakaiachia kwenye mto kwa heshima zote, ingawa kila dakika maorki walikuwa wanazidi kwenda mbali na rafiki zao. Majuma machache baadaye, Aragorn akaongoza jeshi la watu kama 7,000 kuelekea lango la Mordor. Njiani vijana fulani wakashikwa na hofu, miguu ikakataa kuendelea. Aragorn hakuwaita waoga. Aliwahurumia, akawapa kazi nyingine wanayoiweza, wakaikomboe Cair Andros. Wengine waliona haya wakajikaza wakaendelea naye, na wengine wakaenda kwenye kazi ile. Hakuna aliyerudishwa nyumbani na jina la aibu. Huyo ndiye anayestahili kuwa mfalme.

Sasa nije kwetu.

Mnajua, na walimu wetu wapendwa wanajua, kwamba chama hiki kilikuwa na mweka hazina. Muhula wa kwanza alikusanya nauli yetu ya kwenda mjini kutazama mchezo wa jukwaani. Akazitumia baadhi ya pesa kwa haja yake. Haja yenyewe aliieleza mbele ya kamati, nami sitaitangaza hapa. Hakuna aliyekuwa amekagua daftari. Alikuja mwenyewe kwa mlezi wetu, akasema, na kufikia likizo fupi alikuwa amerudisha kila senti. Safari ilichelewa wiki mbili, basi. Mlezi alimsamehe. Sisi hatukumsamehe. Wiki ile ile filamu ya kwanza ilikuwa imeonyeshwa, na mtu mmoja akasema kwa sauti bwaloni, "Boromir ameleta chenji?" Watu wakacheka hadi vikombe vikaanguka. Jina likamganda mpaka leo.

Mtu huyo aliyesema bwaloni ni mimi.

Nilijiona mcheshi sana. Wakati huo kitabu nilikuwa sijakisoma. Nilipofika ukurasa ule wa kuni na theluji, nilikumbuka kwamba gazeti hili hili, toleo la mwaka juzi, mweka hazina wetu ndiye aliyelipiga chapa lote kwenye kompyuta ya maktaba, jioni baada ya jioni, wakati mimi nikicheza draftsi. Hakuna aliyelitaja hilo siku tulipocheka. Tangu siku ile haji tena kwenye chama. Ngonjera zetu zimekosa sauti ya pili, na sote tunasikia zinavyochechemea, lakini tunajifanya hatusikii.

Nilimwendea nikamwomba radhi. Hakunikumbatia, wala sikustahili. Aliniambia, "Umeniomba radhi gizani, lakini ulinicheka bwaloni." Nikamwuliza kama naweza kuandika. Akasema niandike, ila nisitie jina lake. Basi, ndugu zangu, hili gazeti linasomwa bwaloni. Naomba radhi hapa.

Ombi langu kwa chama ni dogo. Kwanza, jina hilo tuache kulitumia kama tusi. Atakayelitumia muhula ujao, kwanza ajue analitaja jina la mtu aliyekufa akiwakinga wadogo wake. Pili, na hili ndilo gumu, tumrudishie mwenzetu kazi. Simaanishi msamaha wa mdomo, kwa kuwa huo ameshapewa na mlezi na haukumrudisha. Namaanisha kazi. Aragorn hakumwambia Boromir "nimekusamehe, kaa pale". Alimtuma akawalinde wadogo. Uchaguzi wa maofisa wa chama uko wiki ya pili ya muhula ujao. Mimi nitalipendekeza jina lake, na ninahitaji mtu mmoja wa kuniunga mkono.

Watakaosema pesa zitaibwa tena, nawajibu: huenda. Sina hakika, kama Aragorn asivyokuwa na hakika alipomtuma Boromir msituni saa moja baada ya kosa lake. Lakini kati yetu sote, mweka hazina wetu ndiye peke yake ambaye tumewahi kumwona akirudisha kisichokuwa chake bila kuulizwa. Sisi wengine hatujajaribiwa. Au tumejaribiwa, na hakuna aliyejua.

Kuteleza si kuanguka, wahenga walisema. Mimi naongeza kwamba hata aliyeanguka, tumtazame ameinuka akielekea wapi.

 Anayetaka kunipinga kuhusu Gimli na Legolas anitafute kwenye foleni ya chai.